Bi Tumechora na Silabi Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni kiti, na huko jikoni punguzeni kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka mwalimu wa kuchora vitambaa, mama ambaye sote tulimwita Bi Tumechora. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, tena mvivu, kwa hiyo mkisikia sauti inayumba mnisamehe.

Darasa lake lilikuwa ghorofa ya juu. Asubuhi mwanga uliingia taratibu, vumbi la chaki likielea, na vitambaa vilivyoanikwa vikipanda na kushuka kama vifua vya watu waliolala. Saa ya kwanza hakuna kuongea. Kila mtu peke yake na karatasi yake. Saa ya pili tunaunganisha meza, wanne wanne, mchoro mmoja. Nyuma ya mchoro tunaandika neno moja: nimechora, au tumechora. Neno hilo alilisoma kwanza, ndipo akageuza karatasi.

Siku moja niliandika "nimechora". Wenzangu watatu walikuwa wanatafuna karanga, jasho likinitoka mimi. Akaniangalia.

"Sawa, mwanangu. Na huyu ndege, nani alikuambia umfupishe mkia?"

Aliyeniambia alikuwa mmoja wa wala karanga.

"Basi kamuulize kama anakubali hilo 'ni' lako."

Hakukubali. Nikafuta.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, wasikilizaji. Huandiki neno lolote mpaka mwenzako akubali. Tulidhani ni ukali wa walimu tu. Juzi mdogo wake wa kike alitueleza ilikotoka.

"Tulikuwa wasichana," alisema. "Tulichora kitambaa kwenye meza ya kulia chakula. Dada mistari, mimi maua. Kiwanda kikakipenda. Kwenye fomu dada akaandika nimechora. Hakuniuliza."

Nimechora, wasikilizaji. Si tumechora. Silabi moja.

Kitambaa kikawa mapazia, kikawa magauni, kikawa foronya. Mdogo mtu akawa anapita mitaani akiona maua yake kila dirisha, yanapepea tu, hayamjui. Walisalimiana misibani. Kuchora pamoja, hapana. Na Bi Tumechora alitaka kitu kimoja maishani: wachore tena pamoja, hata mara moja.

Mwanawe anakumbuka simu za kila Jumapili. "Mama mdogo hapokei. Mama anasema, labda yuko bafuni. Miaka arobaini na kitu, mama mdogo yuko bafuni."

Mwaka jana akaugua. Akamtumia mdogo wake karatasi. Nusu imejaa mistari, nusu nyeupe.

"Nilikaa nayo miezi mitatu," mdogo wake alisema. "Naikunjua, naikunja. Mwishowe nikaenda. Tukachora mchana, siku tatu, kitandani kwake, karatasi juu ya sinia. Nikamwambia, dada, yale maua yangu yalikuwa mchezo tu. Akasema, 'Walinunua maua, mdogo wangu. Mistari ilikuwa ya kuyashikilia.' Tulipomaliza akageuza karatasi, akanipa penseli. Akasema, 'Andika wewe. Lolote utakaloandika nimekubali.' Bado nilikuwa na kinyongo, sitawaficha. Nikamwambia, nitaandika kesho."

Kesho yake asubuhi simu ya mdogo mtu ililia. Alikuwa mwanawe Bi Tumechora: mama ametutoka.

Tulimuuliza mdogo wake kama ameandika. Alitazama dirisha lililo wazi, pazia likienda na kurudi.

"Sijaandika. Yeye alikubali, mimi sikumwambia kwamba nami nimekubali," alisema. "Sasa nimwambie nani?"

Kwa mwanawe, kwa mdogo wake, kwa wote waliopanda ngazi zile kwenda darasani kwake, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Na wewe unayesikiliza, iko kazi unayojisifia. Mfikirie aliyeshika upande wake wa pili. Mpigie simu leo, akiwa bado anaweza kupokea.