Utosi wa Bwana Harusi

Mtu akivaa kofia ya sufu katika joto la mwezi wa saba, ana lake jambo. Traudi, aliyewanyoa wanaume wa mji wa Graz, Austria, miaka thelathini, alitega masikio.

"Mzee, hizi homoni zinanimaliza nywele," kijana mwenye kofia alimlalamikia mkulima aliyeketi naye, ng'ambo ya kiti cha Traudi, ndani ya tramu, treni ya mjini. "Nimekula mafuta ya mbegu za maboga kwa saladi, kwa mayai, hata kwa aiskrimu. Wapi! Jana nikajipaka."

Akainua kofia. Utosi ulikuwa wa kijani kama chura. Traudi aliuma midomo asicheke.

"Na harusi yangu ni leo!"

"Tulia, bwana harusi. Mama yako akimwaga mafuta hayo kwenye kitambaa cha meza, hufanyaje?"

"Hukianika juani, doa likatoweka."

"Basi jianike!"

Kijana akabandika utosi dirishani. Tramu ikakata kona, jua likahamia upande wa Traudi. Akainuka, akampisha kijana kiti.

"Lakini mzee, ukiyala yanaotesha kweli?"

"Mimi nayakamua mwaka wa arobaini huu, na nayala kila asubuhi." Mzee akavua kofia yake. Kichwa kiling'aa kama yai.

"Sasa unayala ya nini?"

"Matamu, baba!"

Tramu ikasimama mbele ya kanisa. Kijana akateremka huku akicheka, kichwa wazi. Dirishani Traudi alimwona bibi harusi akiugusa ule utosi kwa kidole, kisha akakilamba.