Petroli Iliyotiwa Pombe

Akina mama wa Gitothua, na ninyi wazee wachache mliokubali kukaa nyuma, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenileta hadi hapa. Niliambiwa nije nishuhudie, na naona wengine mmeshatoa leso. Zirudisheni kwa mkoba. Yangu nililia nikamaliza kule kwetu Kamenu, na walioona machozi yale walicheka. Sitawapa watu machozi ya bure tena.

Sitataja jina la mtu. Lakini anayejijua atajijua, na kiti kikimchoma asinilaumu mimi.

Mimi ni mjane. Mume wangu alikufa kwa pombe, na hilo silifichi kwa sababu Kamenu nzima ilimwona akibebwa. Aliniachia msichana mmoja na kipande cha shamba kinachoshuka mpaka mtoni. Hapo ndipo nilianza kulima mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa ng'ambo. Ndugu zangu, nawaambia, mshiri ni mtoto wa tajiri. Ukikosa maji siku chache wakati wa maua, unajikunja kama mkia wa panya, na mnunuzi akiuona hivyo hata hashuki kwa gari.

Kwa hivyo tukaunda kikundi, sisi wakulima wa kando ya mto, wote wa kanisa moja, tukanunua pampu. Pampu ndogo ya petroli, ya kuvuta kwa kamba, inabebwa na watu wawili. Walinichagua mimi niitunze kwa sababu shamba langu ndilo lilikuwa karibu na maji. Mwaka wa kwanza kila mtu alivuna. Walikuwa wananiita "mama yetu wa maji." Kumbukeni hilo jina, kwa maana halikukaa.

Mvua ya masika ikaja, pampu ikapumzika kwa banda langu, kavu, imefunikwa gunia, na petroli nusu tangi. Jua liliporudi nikaitoa. Nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikanguruma kidogo, ikatetemeka, ikazima. Siku hiyo nilivuta mpaka kiganja kikatoka damu, na mishiri yangu imejaa maua.

Mwenyekiti wetu akaleta fundi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tai, hata shambani, na kalamu mbili mfukoni ambazo sijawahi kuziona zikiandika. Fundi alikuwa kijana wa mjini mwenye sanduku kubwa la spana. Akafungua kila kitu kinachofunguka. Akabadilisha plagi. Akabadilisha ringi. Akatupa ile petroli ya zamani, akaweka nyingine kutoka kwa jerikeni lake, na pampu ikalia vizuri siku moja. Kesho yake ikakohoa vilevile.

"Mathe," akaniambia, "hii injini umeiua wewe. Umechanganya petroli na mafuta ya taa ndio upate faida."

"Mafuta ya taa nimetoa wapi? Kwangu nyumbani nawasha kibatari kwa kuhesabu matone."

"Sasa kama si mafuta ya taa ni nini? Mimi nimesomea hii kazi."

Amesomea! Ninyi mlioko hapa, mtu akikuambia amesomea kabla hujamuuliza, shika mkoba wako vizuri.

Mkutano ukaitwa. Hakuna aliyeomba kuona ndani ya tangi. Hakuna hata mmoja. Mwenyekiti alisimama, akanyoosha tai yake, akasema, "Chombo cha watu wengi hakiwezi kukaa kwa nyumba yenye laana. Bwana yake alikufaje? Hata mashine imemkataa." Na wale wanawake ambao nilikuwa nimewamwagilia mashamba yao kabla ya langu waliangalia chini, wakachezea kanga zao. Nikaondolewa kwa kikundi mchana kweupe, kwa kuinua mikono. Niliona mikono ikipanda. Wengine waliinua wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika soda niliyowapa mimi.

Basi nikabeba maji kwa ndoo. Mtoni, shambani, mtoni, shambani, mpaka mabega yakafa ganzi. Mishiri ilijikunja tu. Mnunuzi alipita na gari lake, akaangalia kwa dirisha, akaenda zake. Ile mimea niling'oa mwenyewe nikawapa mbuzi wa jirani, maana wangu nilikuwa nimeshauza.

Hapo ndipo nilianguka. Msichana wangu nilimpeleka kwa dada yangu Mwiki, kwa sababu kwangu hakukuwa na chakula wala karo. Nikaacha kwenda kanisani. Sokoni nikipita, mazungumzo yananyamaza, halafu yanaanza tena nyuma yangu. Na kitu kibaya zaidi, nawaambia ukweli, ni kwamba nilianza kuwaamini. Nilikuwa naamka nakaa kitandani naangalia mikono yangu nikiiuliza, kwani mna nini? Nilifika mahali naogopa kushika mtoto wa mtu.

Pampu waliitupa nyuma ya jiko la kanisa. Kuku wakaifanya kitanda.

Sasa siku moja kulikuwa na arusi kanisani, na wakakosa watu wa kupika. Dada yangu ndiye alikuja kutoka Mwiki akanitoa kwa nyumba karibu kwa nguvu. "Vaa kanga," akasema. "Huyo mwenyekiti wao hawezi kula arusi ya watu na akule na akili yako pia." Nikaenda. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko nikiosha sufuria, na pampu iko hapo kando yangu, imejaa kinyesi cha kuku. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikainama.

Ndugu zangu, mimi nimelala na harufu ile miaka yote ya ndoa yangu. Nimeifua kwa shati, nimeipangusa sakafuni. Hakuna mtu angenidanganya kuhusu harufu ile. Nikasema kwa sauti, "Hii ni pombe."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Woi! Huyu sasa anamtafuta bwana yake mpaka ndani ya chuma." Mwenyekiti akatokea na sahani yake ya nyama kuuliza kuna nini. Nikamwomba pampu. Akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Chukua. Itakufaa kupikia kuku uji." Watu wakacheka tena. Nikamjibu, "Asante, mwenyekiti. Wote hapa wamesikia umenipa." Mimi na dada yangu tukaibeba mpaka nyumbani tukiwa na kanga za arusi.

Nilichota yale mafuta kwa chupa ya soda, nikampelekea mwalimu mmoja wa kemia anayekaa karibu nasi. Hakunicheka. Aliiweka chupa dirishani, akaniita niangalie. Yale mafuta yalikuwa yamegawanyika: juu petroli, chini maji machafu yenye rangi ya chai.

"Mama," akasema, "hujachanganya kitu. Yamekuja yamechanganywa."

Akanieleza. Mnakumbuka petroli ya miaka ile, mwanzo wa hii miaka ya tisini? Ilikuwa inatiwa spiriti, ile pombe kali inayotengenezwa kwa molasi ya miwa. Redio ilisema, na sisi sote tulisikia tukaendelea kunywa chai. Gari linalotembea kila siku linaichoma linaendelea. Lakini spiriti inapenda maji kuliko inavyopenda petroli. Ukiiacha kwa tangi dogo linalopumua, msimu mzima wa mvua, inavuta unyevu wa hewa, inashiba, inaachana na petroli na kuzama chini. Na injini inanyonya kutoka wapi? Chini. Tukafungua kabureta, tukakuta chokaa nyeupe imeziba vitundu vyote. Mpira wa mafuta ulikuwa umevimba na kulainika kama utumbo. Ndiyo maana petroli ya fundi ilifanya kazi siku moja tu: ilikwangua uchafu wote ikaupeleka kwa kabureta. Yule msomi wa spana alibadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kigonjwa.

Halafu akanifundisha kupima. Unatia maji kidogo kwa chupa, unaweka alama, unaongeza petroli, unatikisa, unangoja. Petroli safi itakaa juu na maji yatabaki kwa alama. Ikiwa ina spiriti, maji yataonekana yamepanda, maana spiriti imeyakimbilia.

Nilipima petroli ya vituo vya Thika mjini. Walinifukuza kama kichaa na chupa yangu. Mmoja akaniambia niende nikapime mkojo. Nikasonga mbele, mpaka kituo kimoja njia ya Garissa ambako mwenyewe hakukasirika. Aliniambia, "Hii yangu inaletwa kutoka mahali pengine, haichanganywi. Pima." Nikapima. Maji yakabaki kwa alama.

Tulisafisha tangi, tukaweka mpira mpya, tukachokonoa kabureta kwa waya mwembamba. Nikashuka mtoni na dada yangu. Nikavuta kamba, ikakohoa. Nikavuta tena. Ikalia! Maji yakatoka kwa mpira na kutupiga kifuani, na mimi nikakaa chini kwa matope nikaangalia mikono yangu. Mikono ya kawaida. Ina matope tu.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Kikundi kilikuwa kimenunua pampu nyingine, mpya, na fundi wao akiwa yule yule. Mnajua kilichotokea, sina haja ya kuwaambia. Mishiri yangu ilikuwa imesimama wima kama askari siku mwenyekiti alipokuja. Tai hakuvaa. Nyuma yake walikuwa wale wanawake, na fundi na jerikeni lake.

"Mama yetu wa maji," akaanza.

"Nani huyo?" nikauliza. "Simjui."

Akatazama mto. "Tunaomba utusaidie. Mimea inakauka."

Nikamwambia fundi amimine petroli yake kidogo kwa chupa yangu. Nikatikisa mbele ya wote, nikaiweka juu ya jiwe. Maji yakapanda juu ya alama, kila mtu akaona.

Fundi akasema, "Hiyo chupa iko na shida."

Nawaambia kweli, nilimhurumia. Mtu anayeweza kuilaumu chupa hana mahali pengine pa kwenda.

Niliwapa maji? Niliwapa. Nilianza na shamba la yule mama aliyesema namtafuta bwana yangu ndani ya chuma, kwa sababu lake ndilo lilikuwa limekauka zaidi, na mmea haukunitukana. Lakini mipira ya maji nilimbebesha mwenyekiti. Alibeba mpaka jua likatua, na sikumsaidia hata kona moja. Walivuna. Hakuna aliyeniambia pole mpaka leo. Waliniletea sukari, ati nirudi kwa kikundi. Sukari niliinywa. Kwa kikundi sikurudi. Nilimsamehe kila mmoja, na hakuna hata mmoja ninayemheshimu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na Mungu hajanikemea bado.

Namshukuru dada yangu, aliyelisha mtoto wangu mpaka nikaweza kumrudisha nyumbani na shuleni, na aliyenibebea chuma akiwa na nguo za arusi. Namshukuru mwalimu aliyeangalia chupa kabla ya kuangalia sura yangu. Namshukuru yule wa njia ya Garissa, aliyekubali kupimwa. Watu watatu tu, na nilikuwa nimezungukwa na kanisa zima.

Mkiwa na pampu, au msumeno, au injini ya mashua kule kwa mabwawa ya mashamba ya kahawa, tafuteni petroli isiyotiwa spiriti, na mkimaliza kazi mmwage tangi, mwache injini ichome mafuta yaliyobaki mpaka izime yenyewe. Hiyo ni ya mashine. Ya watu ni hii: siku watakapoinua mikono kukuhukumu, uliza ni nani kati yao aliyefungua kifuniko akanusa. Kama hakuna, vaa kanga yako uende nyumbani, na usiwaamini hata dakika moja. Mimi niliwaamini msimu mzima, na huo msimu hakuna anayeweza kunirudishia.