Yai la Afande Okidi na Lundo la Laini ya Juu

Afande Okidi Onen anastaafu tarehe 30 Juni 2017, baada ya kukitumikia Kiwanja cha Mboji cha Laini ya Juu, safu yetu ya nyumba za polisi hapa Mbuya, tangu mwaka 1988. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa laini hii, awe koplo au mke wa inspekta, wa kanisani au wa msikitini, ambaye hajapita mikononi mwake kwa namna fulani. Tunasema hivyo kwa heshima. Yeye na ndoo zetu wanajuana kuliko sisi tunavyojuana na madaktari wetu.

Hakuzaliwa katika kazi hii. Alitoka Kitgum kuja kupiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na aliipiga vizuri mpaka meno mawili ya mbele yalipong'oka. Yeye anasema ni ajali ya kikazi. Mkewe, Mama Ayot, anasema ni hindi la kuchoma. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha, lakini mabomba ya laini yetu yalikuwa bado yanatoa upepo tu, na vyoo vya kuvuta maji vilikuwa vimejaa hadi mdomoni. Mkubwa wa kambi akatafuta mtu asiye na kazi na asiye na aibu. Okidi alipopewa kazi ya choo aliipokea kama cheo, akapiga saluti.

Kila nyumba ikapewa ndoo yenye kiti cha mbao na kopo la majivu. Asubuhi Okidi alipita na filimbi, maana filimbi haihitaji meno mengi, na toroli lilimfuata nyuma. Kiwanjani alipanga tabaka kwa tabaka: kile tulichotoa sisi, kisha maganda ya matoke, ugali wa posho uliolala, maharage yaliyochacha, nyasi kavu, halafu sisi tena. Lundo likishapata joto lake huachwa lipumzike mwaka mzima, na baada ya hapo ni udongo mweusi, mlaini, usionuka kitu, unaoingia kwenye migomba. Nyanya ziliota humo zenyewe bila kupandwa na mtu. Kila mmoja wetu alijua zimepitia wapi, na kila mmoja wetu alizila.

Shida ilikuwa maganda, kwa sababu nguruwe wa Mbuya nao walikuwa wanayataka. Aliyetuokoa ni Mama Hortense, Mkongomani mwenye hoteli ndogo pale Kansanga. Alikubali kutupa mabaki yote ya jikoni kwake, na mpwa wake Guerschom ndiye aliyeyaleta kwa baiskeli, akiimba nyimbo za kwaya ili watu wasiulize amebeba nini.

Unyenyekevu si ugonjwa wa Okidi. Alijiita daktari wa laini. Alijua nani ameacha pombe kabla mke wa mwenyewe hajajua, na aliweza kusimama mlangoni kwa mtu, mbele ya wageni, akatangaza: "Nyumba ya nne, punguzeni pilipili!" Watu walimkasirikia, kisha wakapunguza pilipili.

Na sasa tuseme habari ya yai. Kipimajoto alicholetewa kilivunjika mapema sana, na Okidi hakukililia. Jioni alichukua yai bichi, akalichora msalaba kwa mkaa, akalitia ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, akalizika katikati ya lundo. Asubuhi alilifukua. Yai likiwa la majimaji, lundo limepoa na minyoo yetu bado inacheka humo ndani. Ongeza maganda, geuza. Yai likiwa gumu, lundo lina moto wa kuua kila ugonjwa tuliouleta. Hapo Okidi alitoa chumvi kwenye mfuko wa shati, akamenya, akala akiwa amesimama, sisi tukitazama. Watu wengi waliacha kumpa mkono. Mama Ayot alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na mutu ya tarumbeta. Huyu ya mayai, sijui nani ameniletea."

Mwaka jana laini ikapata mabomba mapya. Wake kwa waume walishikwa na fahari, na ndoo zikageuzwa za kupandia maua. Lundo likaanza kusinyaa. Machi mwaka huu ikaja amri: kiwanja kitamwagwa muramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kiwe maegesho ya magari ya wakubwa, isipokuwa kama lundo bado liko hai. Bwana Kamis, mkaguzi wa ofisi ya usafi, angekuja kuliona yai kwa macho yake. Likiwa gumu, kiwanja kinabaki, na dada yetu Lanyero, aliyefundishwa kazi na Okidi mwenyewe, anarithi koleo. Likiwa la majimaji, kila kitu kinakwenda chini ya magurudumu.

Okidi, ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, alizunguka mlango kwa mlango akiomba ndoo moja moja. "Hiyo ya bomba munamupatia nani? Ziwa?" Watu wakamcheka: "Muzee, sisi siku hizi tunabonyeza tu!" Lakini wengine walimpa, kwa kificho, kama watu wanaotoa sadaka.

Siku ikafika. Bwana Kamis alikuja na viatu vinavyong'aa. Okidi akafukua kopo, akafungua kifuniko mbele ya laini nzima, akakakamaa. Jioni alikuwa ameweka yai moja. Ndani mlikuwa na mayai saba yamebanana, kila moja lina msalaba wa mkaa.

Bwana Kamis aliinama, akatazama, akauliza kwa upole: "Afande, hii lundo inataga?"

Wale wale waliomcheka, pamoja na watu wake wa karibu, walikuwa wamechemsha yai nyumbani kila mtu kivyake, wakaja kulipenyeza alfajiri ili kumwokoa. Lanyero aliweka moja. Guerschom aliweka lake na la shangazi yake. Koplo wa nyumba ya nne hana kuku, akaweka la bata. Mama Ayot, ambaye hajawahi hata kulisalimu lundo lile, aliweka moja pia. La saba halijapata mwenyewe mpaka leo. Bwana Kamis akayapasua yote. Sita yalikuwa magumu. Moja lilimwagika juu ya kiatu chake.

Lilikuwa la nani? Misalaba ilifanana yote. Ikiwa ni la Okidi, lundo limekufa. Ikiwa ni la mwenye haraka aliyesahau kuchemsha, lundo liko hai. Hakuna aliyejua, hata Okidi mwenyewe.

Hapo alikasirika, na si kwa mkaguzi. Alitugeukia sisi: "Miaka yote hii munaniona nakula, na bado hamuamini!" Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunampenda Okidi, na hatukuwa tunaliamini lundo lake hata kidogo.

Akamwomba Bwana Kamis alete yai bichi lake mwenyewe, alitie sahihi kwa kalamu yake, lizikwe, na akae palepale kulilinda mpaka jioni. Bwana Kamis anapenda ushindani. Akaletewa kiti. Mchana Mama Hortense akatuma sahani: matoke, maharage, parachichi, viazi vitamu. Okidi akampakulia, akamwongeza, akamletea chai, akamwongeza tena. Ilipofika saa tisa Bwana Kamis alianza kukunja miguu. Saa kumi alisimama, akauliza choo cha bomba kiko wapi. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, kama kawaida yake. Laini nzima ilikuwa madirishani.

Alikwenda kwenye ndoo. Okidi alisimama nje ya mlango, wima, kopo la majivu mkononi, kama mlinzi wa ikulu. Mkaguzi alipotoka, Okidi alimpigia saluti, akaibeba ndoo ile kwa mikono miwili, akaimwaga mahali pake. Na Bwana Kamis, bila kuambiwa, aliokota maganda ya chakula chake akafunika.

Jua lilipoanza kushuka yai likafukuliwa. Sahihi ilikuwa yake. Alilimenya polepole, akalikata, likasimama kama jiwe. Kisha akauliza kama kuna chumvi.

Kiwanja kimebaki. Lanyero anashika koleo kuanzia tarehe mosi Julai. Tabaka la Bwana Kamis litaiva mwakani, na gunia lake la kwanza litapanda basi la Kitgum kwenda shambani kwa Afande, kama tulivyoahidi.

Kuhusu zawadi, saa ya ukutani aliikataa. Tumemnunulia trei ya mayai. Ni mabichi yote, hakuna aliyechemsha. Safari hii hatukuona haja.

Asante, Afande, kwa kutuchukua tulivyo na kuturudisha tukiwa ndizi. Nenda na Mama Ayot wako salama. Tunakuombea shamba linalozaa, tumbo lisilogoma, na lundo lisilopoa.

Erinayo, wa toroli,
kwa niaba ya wafanyakazi na ndoo zote za Laini ya Juu