Nuru Yusufu Mchopa, Mgeni wa Kila Jumamosi

Jumatano, tarehe 8 Februari 1984, mvua ilinyesha Mikindani tangu alfajiri mpaka maji yakaingia kwenye baraza za nyumba. Siku hiyo alizaliwa binti, marehemu Nuru, mtoto wa pili wa marehemu mzee Yusufu Mchopa, aliyekuwa na duka la vyombo vya nyumbani, na Bi Mwaisha Selemani. Alitanguliza miguu. Mkunga, aliyefika amelowa chapachapa, alimwambia mama, "Mwanao huyu kaja anatembea. Mtafutie kamba mapema." Kamba haikupatikana.

Alisoma shule ya msingi hapa Mikindani kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari mjini Mtwara, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Kuketi kulimshinda. Walimu walimhamisha dawati hili na lile, hatimaye mwalimu mkuu akampa kazi ya kugonga kengele, iliyokuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya ofisi. Kazi hiyo haikumaliza wiki. Nuru aliigonga rimu kwa mapigo yake mwenyewe, na darasa la kwanza likatoka kwenda mapumziko likicheza.

"Nuru, hii ni kengele au ngoma?" mwalimu akamuuliza.

"Si wametoka, mwalimu?"

Mwaka 2003 alianza kuuza kanda za muziki sokoni Mtwara. Shughuli za hina huku kwetu ni za wanawake watupu, na mwanamume havuki pazia hata akiwa fundi mitambo. Spika zikizima, shughuli ndiyo imekwisha. Nuru akajifunza kuunga waya na kupiga muziki, na muda si mrefu hapakuwa na bibi harusi kati ya Mikindani na Msimbati aliyetaka kupakwa hina bila yeye.

Ijumaa, tarehe 17 Julai 2009, ilikuwa hina ya dada yake mwenyewe, Rehana. Wanaojua shughuli za pwani wanajua kwamba wimbo wa taarabu hauchezwi bure. Mtu huuagiza, akainuka, akacheza huku kidole kikimwelekea anayetaka kumchoma. Shangazi mmoja aliagiza wimbo wa mama mkwe mchoyo, anayehesabu vipande vya nyama kwenye sufuria ya mkaza mwanawe. Nuru alikuwa ameinama nyuma ya spika, akabonyeza bila kutazama nani anaingia. Aliyekuwa anaingia ni Bi Zuhura, mama wa bwana harusi, na sinia ya zawadi kichwani. Shangazi akamnyooshea kidole. Vigelegele vikapigwa. Bi Zuhura akageuka na sinia yake, akaondoka.

Ndoa ilifungwa kesho yake, kwa kuwa wanaume hawakuwa na habari. Lakini Rehana alikwenda kuanza maisha Likombe, nyumba moja na mama mkwe, wimbo ule ukiwa umemtangulia. Rehana alimwambia mdogo wake neno moja tu: "Umeniozesha kwa matusi." Toka hapo salamu zao zikawa za mlangoni. Kila Idi Nuru alikwenda Likombe, akasimama barazani, akajuliwa hali, akaondoka. Majirani walicheka, "Nuru naye, hakai hata kidogo!" Pale hakukaa kwa sababu hakuna aliyemwambia kaa. Haya yanasemwa leo kwa kuwa dada Rehana mwenyewe ametaka yasemwe.

Mwaka uleule aliondoka. Alifanya kazi Dar es Salaam kwa watu wa kukodisha mitambo, akavuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo kwenda Pemba ya Msumbiji, akarudi, akaenda tena. Huko ndiko alikokutana na tekno, muziki wa mashine, mapigo yanayokwenda saa nzima bila mwimbaji. Alimletea mama asikilize. Mama alitega sikio kitambo, kisha akauliza, "Unaanza lini?"

"Umeshaanza, mama."

"Na maneno?"

"Hauna. Ndiyo raha yake. Hamna wa kunyooshewa kidole."

Mama alishajua mwanawe anakimbia nini.

Tarehe 3 Novemba 2012 alifunga ndoa na Nassoro Bakari, fundi majokofu, na mwaka 2014 wakajaliwa binti, Salma. Watu walimuuliza Nassoro anawezaje kuishi na mke asiyetua. Akawajibu, "Mimi natengeneza majokofu. Ninalolihofia ni lile lililonyamaza."

Mwaka 2017 Rajabu Likwata, mwenye klabu mtaa wa Shangani, alimwalika apige Jumamosi moja kama DJ mgeni. Jumamosi hiyo ilichukua miaka minane. Rajabu alitaka kumwandika DJ wa nyumba, yaani wa kudumu.

"Dada, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe nipe, ila bango liache lilivyo. Mwenyeji ndiye anayeulizwa amekwenda wapi."

Bango likabaki na neno mgeni. Katikati ya wiki angeweza kuwa Masasi, Newala au ng'ambo ya mto. Jumamosi alikuwa mezani pake. Wimbo wenye maneno hakupiga hata mmoja. Vijana walioomba singeli aliwaelekeza klabu ya jirani, na wengi walikwenda, wakarudi.

Februari 2024 iligundulika kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Akawa anasafishwa damu hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, amelala muda mrefu huku mkono umeungwa kwenye mashine. Kulala huko kulimtesa kuliko sindano. Mguu ulichezacheza chini ya shuka hadi muuguzi akamwambia, "Dada Nuru, mashine ndiyo inayokusafisha, siyo wewe unayeiendesha."

"Basi iongezeeni kasi. Inachelewa."

Rajabu aliihamishia zamu yake jioni mapema, kabla wateja hawajajaa, ili asichoke.

Alifariki jana, Jumatano tarehe 10 Desemba 2025, saa tatu asubuhi, baada ya presha kushuka ghafla. Nassoro na Rehana walikuwa kando ya kitanda. Ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, dada yake Rehana, mdogo wake Thabiti na wapwa wanne. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Tunamwomba amlaze Nuru mahali pema, pa amani, na ampe mapumziko ambayo hapa duniani hakuwa na mazoea nayo.

Mama ameomba wasifu huu usiishie hospitalini, bali uishie mwezi uliopita.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba, Bi Zuhura alisikia kwamba Nuru amezidiwa. Akamuuliza Rehana, "Umekwenda kumwona mdogo wako?"

"Nimemtumia salamu, mama."

"Salamu! Kwa lile la hina?"

"Si alikudhalilisha mbele za watu?"

"Hebu niondokee! Hasira zile zangu, na nilishazimaliza zamani. Wewe nani kakupa uzitunze? Vaa buibui twende."

Walifika klabuni jioni, maana Jumamosi Nuru hakukosa hata alipozidiwa, wahudumu wakipanga viti. Mapigo yalikuwa yameshaanza. Nuru alipowaona alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Bi Zuhura akavuta kiti cha plastiki, akaagiza soda, akasikiliza.

"Mbona hausemi huu?"

"Hausemi, mama."

"Leo nataka unaosema. Ule wangu."

"Sina, mama. Wallahi sina hata mmoja."

"Basi lete hicho kipaza sauti."

Akaimba. Beti zote, mama mkwe na sufuria na vipande vyake vya nyama, kwa sauti iliyokauka, juu ya muziki wa mashine. Alipofika pa kunyoosha kidole, akajinyooshea mwenyewe. Rajabu alibaki na kiti mkononi. Rehana alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakamtikisika, na hadi leo anashikilia kwamba alikuwa anacheka. Nuru alipunguza kasi kidogo kidogo ili mama yule asiachwe nyuma.

Walipoaga, Rehana alimgeukia. "Kesho uje. Na usije ukanisimamia mlangoni."

Jumapili asubuhi Nuru alikwenda Likombe. Alivua viatu, akapita ndani, akaketi kwenye mkeka. Rehana akaweka chai katikati yao. Nassoro alipiga simu kuuliza sasa amefika wapi.

"Niko kwa dada," akamwambia. "Nimekaa."

Adhuhuri ilimkuta palepale, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.