Kofia Iko Ghorofa ya Nne

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu alikaa fundi mwashi ameshika shavu, anakwenda kung'olewa jino. Simu yake ikalia. Akaisoma, akamgeukia mama aliyekaa naye. "Eti niko ghorofa ya nne na sijafunga mkanda."

"Si uko hapa, kaka?"

"Mimi niko hapa, dada. Kofia ndiyo iko kazini. Ina kidude ndani kinachosema kila mtu yuko wapi. Nimemwazima shemeji, kwa kuwa kofia yake imepasuka, na geti halimfungulii asiye na kofia."

"Basi shemeji ndiye hajafunga mkanda!"

"Shemeji leo hayumo kwenye mfumo. Niliyemo ni mimi."

Hapo hata mimi, niliyekuwa najifanya nasoma gazeti, nilipoteza mstari.

"Mpigie basi!"

"Simu zinaachwa getini."

"Sasa hayo maonyo anayasoma nani?"

"Si nimeyasoma mimi," fundi akasema kinyonge.

Basi lilipopunguza mwendo, simu ikalia tena. Safari hii alisoma polepole: "Umeanguka. Uko salama? Jibu ndiyo au hapana."

Shavu akaliachia. Basi likasimama, mlango ukafunguka, na kidole chake kilikuwa bado hewani, kati ya ndiyo na hapana.