Danford Simbeye na Vidonge Alivyopewa na Mkewe

Ninyi mnaonong'ona tangu msiba uanze kwamba Aida kamlisha mumewe sumu, mnachosha. Leo sikilizeni maisha ya baba mdogo Danford Simbeye yote, na hicho mnachonong'ona kimo.

Marehemu alizaliwa Ndalambo tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Jairo Simbeye. Alisoma hapohapo, akamaliza la saba mwaka 1994. Sekondari hakwenda. Alikuwa anakwenda Ivuna kununua chumvi, anaiuza Tunduma, mpaka alipougua. Mteja akionja mara mbili, anamwambia, "Ya kwanza kuonja. Hiyo ya pili ni mboga, lipia."

Alifunga ndoa na Aida Silwimba tarehe 2 Juni 2007, Mpemba. Wakajaliwa Witness na Luka.

Februari 2023 akaanza kuwashwa mwili mzima. Damu ikaonyesha eosinofili ziko juu mno. Hizo ni seli nyeupe, na mara nyingi hupandishwa na minyoo au aleji. Akapewa dawa ya minyoo. Akapewa tena. Mara sita, wakati choo kilipopimwa hakikuwa na mnyoo hata mmoja! Kila mara Aida alimpa vidonge kwa mkono wake, pale uani, watu wanaona.

"Mama Witness, minyoo yangu imeajiriwa, haitaki kustaafu," marehemu alikuwa anasema, anacheka huku anajikuna.

Dada yake, Shangazi Ruti, hakucheka. "Wifi, vidonge gani visivyoisha? Unamlisha nini ndugu yetu?"

Neno hilo ndilo linalotembea hapa msibani.

Agosti 2024 akavimba tezi shingoni na kwapani. Aida akampeleka Mbeya, akakataa dawa ya minyoo ya saba. "Daktari, minyoo gani haifi? Tafuta kingine."

Tezi ikakatwa kipande, kikapimwa. Ni saratani ya tezi, inayoanzia kwenye seli nyeupe zinazoitwa seli T. Daktari akaeleza kwamba seli hizo zikiharibika zinaweza kuziita eosinofili zije kwa wingi. Mwaka na nusu damu ilikuwa inasema, sisi tunasikia minyoo tu.

Alitibiwa kwa dripu miezi saba. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, kichwa kikiwa mapajani kwa Aida.

Ameacha mke, watoto wawili, mama yake Ketrina na dada yake Ruti. Pumzika, baba mdogo. Umejikuna vya kutosha.

Karatasi za vipimo zote ziko pale mezani. Mwenye shaka akasome. Na wewe, Shangazi Ruti, tunakuomba unyanyuke kwenye hicho kiti cha mbele, umfuate Aida kule nyuma ya turubai, umlete akae. Udongo wa kaburini unamsubiri mke autupe wa kwanza.