Mwinshehe Kilongo na Nyota Zake za Eksirei Wanatuaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Mwinshehe Kilongo, mtaalamu wa eksirei wa Hospitali ya Mkwajuni, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya hafla imenipa mimi, Perpetua, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa hoja kwamba dirisha langu la mapokezi linatazamana na mlango wake na kwa hiyo namjua kuliko wote. Ni kweli namjua. Ni kweli pia kwamba hakuna binadamu aliyenichosha kazini kama yeye, na kamati niliwaambia hivyo mapema ili wasije wakashangaa.

Tuanze na zawadi, maana hiyo ndiyo iliyotunyima raha mwezi mzima. Wastaafu wetu huomba mabati, godoro, jokofu, vitu vyenye akili. Mwinshehe alipoulizwa alisema hataki chochote cha dukani. Alitaka kitu kimoja tu: Mzee Ntutu ahudhurie hafla yake. Kwa wasiojua, Mzee Ntutu ni mfugaji wa tambarare za ng'ambo ya Mvumi. Mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, na sababu ya ufupi huo ni mdomo wa Mwinshehe. Kwa miaka saba mzee huyo hakukanyaga hapa, wala salamu zetu hakuzijibu. Sasa mpelekee kadi ya mwaliko mtu kama huyo!

Mwinshehe alizaliwa Mvumi, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na mpunga, akasoma, akafuzu, akaletwa kwetu mwaka 1991. Mashine aliyoikuta ilikuwa ikiwashwa, taa za wodi nzima zinafifia. Kwa mashine hiyo alipiga picha za majeruhi wa malori ya barabara kuu ya Mikumi, wakata miwa walioteguka, wakulima waliokutana na nyati asubuhi, na watoto wasiohesabika walioanguka kutoka kwenye miembe ya watu. Picha zake zilikuwa safi, na madaktari wa Morogoro walikuwa wakizitambua bila kusoma jina la hospitali. Mwaka ule mto Mkondoa ulipovunja kingo na maji yakaingia hadi koridoni, alibeba maboksi ya filamu kichwani, maji yakiwa kiunoni, akayapanga juu ya kabati la Matroni bila kumwomba Matroni. Filamu zilipona. Matroni hakusahau.

Kama angeishia hapo, wasifu huu ungekuwa wa ukurasa mmoja na mimi ningekuwa na nywele nyeusi. Lakini alipelekwa kwenye semina ya usalama wa mionzi, na mwezeshaji mmoja, Mungu amsamehe, akataja kwa kupita tu kwamba angani ziko nyota zinazotoa eksirei. Aliondoka hapa mtumishi, akarudi mhadhiri.

Habari yenyewe nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia nikiwa usingizini. Ziko nyota zinazoishi mbilimbili, zinazungukana. Moja kati ya hizo ilishakufa zamani: ililipuka, na kiini chake kikajikunja kikawa kitu kidogo mno na kizito mno, kinachoitwa nyota ya nyutroni. Uzito wake unalishinda jua, ilhali upana wake ni kama mwendo wa baiskeli kutoka Kilosa mjini hadi Kimamba. Mwenzake bado yu hai. Basi yule aliyekufa humvuta aliye hai na kumnyang'anya gesi yake, na ile gesi haianguki moja kwa moja, huzunguka kwanza kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Katika kuzunguka na kuanguka huko hupata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo linalong'aa kwa eksirei. Mwinshehe alikuwa na namna yake ya kulieleza jambo hili kwa akina mama: marehemu amezikwa, lakini bado anakula kwa mjane. Hapo foleni nzima iliguna, na kila mmoja alikuwa na shemeji wa kumtolea mfano, na mimi nikapoteza nusu saa.

Hakuishia hapo. Nyota nyingine huzunguka upesi na mwanga wake hutufikia kwa kumulikamulika, kama mlinzi anayelizunguka jengo na tochi. Nyingine hurundika gesi juu yake hadi inalipuka ghafla, kisha inatulia na kuanza kurundika upya, kama sufuria ya uji isiyo na mwangalizi. Iliyo kali kuliko zote kwetu, ukiliacha jua, iko upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, ingawa kwa macho matupu huioni. Mgonjwa amevunjika mkono, anatokwa na jasho, na huyu bwana anamwonyesha dari kumweleza Nge iko wapi.

Niseme haki yake. Alikuwa na sababu. Miaka ile wengi waliogopa chumba chake. Walisema mashine inanyonya damu, na wengine waliona heri mguu upinde kuliko kuingia mle ndani. Mwinshehe aliwaambia eksirei si uchawi wa hospitali, zimekuwamo katika uumbaji tangu kabla ya babu zetu. Woga ukapungua. Wakaja kutoka Kidete, wakaja kutoka Mikumi, wakaja hata wasioumwa.

Sasa msomaji aelewe utaratibu wake wa kazi, kwa sababu balaa lilitokea hapo. Zamani filamu ilisafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza, kisha ikaanikwa kwa vibanio vya nguo hadi ikauke. Mwinshehe aliupima mhadhara wake kwa filamu. Alianza filamu ikiingia kwenye dawa, akamaliza filamu ikikauka. Na mwisho wa mhadhara, kila siku, ulikuwa huu: kwamba eksirei za nyota hazitufikii hata chembe, hewa yetu inazizuia zote huko juu, ndiyo maana vyombo vya kuzipima vinapandishwa na satelaiti, na satelaiti ndiyo inayoleta picha kwenye kompyuta za wataalamu.

Ikaja mashine mpya. Picha inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajashuka mezani. Sote tulishangilia, mimi wa kwanza, nikidhani tumepona. Wapi! Mwinshehe hakuufupisha mhadhara. Aliendelea kuuanza palepale alipozoea kuuanza, na mgonjwa akaitwa kwa daktari ukiwa katikati. Habari ya satelaiti na kompyuta aliisogeza mbele kwa sababu aliipenda. Habari ya hewa inayozuia ilibaki mwisho, na mwisho haukufikiwa tena na mtu yeyote. Hata Bonifas, mhasibu wetu mwenye stashahada mbili, alimuuliza siku moja kwa siri kama haiwezekani hospitali itumie za nyota usiku tupunguze bili ya umeme.

Katika kipindi hicho Mzee Ntutu alimleta mkewe, Naishorua, aliyevunjika mkono. Mzee alikaa kwenye benchi, akasikiliza kwa adabu, akasikia nusu.

Miezi michache baadaye fahali alimwangukia kwenye josho na kumvunja mguu. Alifikiri kama mtu mzima anavyofikiri. Njia ya kuja hospitali ni mbaya na mguu unauma. Nyota ina nguvu kuliko mashine, mtaalamu mwenyewe amesema. Picha zinashuka zenyewe hadi kwenye kompyuta, mtaalamu mwenyewe amesema. Akawaambia wanawe wamtoe nje ya boma, akaufunua mguu, akauelekeza upande wa Nge. Mtaalamu wa mifupa wa kwao alikuwa tayari kumfunga vijiti, lakini mzee alisema wasiuguse mpaka picha ionyeshe umevunjika wapi. Akaipa picha wiki mbili tatu ishuke, kisha akamtuma mwanawe mkubwa, Metito, aende kuchukua majibu.

Metito alifika dirishani kwangu, akaniamkia shikamoo mama, akasema amekuja kuchukua picha ya baba. Nikamuuliza ilipigwa lini. Akasema imepigwa nyumbani, na nyota, kwa hiyo itakuwa imeshafika kwenye kompyuta. Foleni ililipuka kwa kicheko. Bonifas alicheka hadi akashika ukuta. Kijana wa watu alisimama palepale, mkuki wake akiwa ameuacha getini kwa adabu, hajui amekosea nini.

Mlango wa chumba cha eksirei ukafunguka. Mwinshehe alikuwa amevaa ile aproni yake nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, na hakuwa anacheka. Aliiambia foleni nzima kwamba kijana hajakosea wala baba yake hajakosea, aliyekosea ni yeye, aliyewapa watu nusu ya habari kwa sababu alipenda kujisikia anaongea. Alisema neno kwa neno: "Kama mnataka kucheka, nichekeni mimi." Hakuna aliyecheka tena. Akapanda gari la wagonjwa bila kuvua aproni, akamfuata mzee hadi bomani.

Mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya. Walimpeleka Morogoro, wakamvunja upya, wakampasua, na alirudi anatembea, ila anachechemea. Mwinshehe alikwenda kumwona, akakuta mzee ametoka. Akaenda tena, mzee ametoka. Mtu anayechechemea anatokaje mara zote hizo? Tulielewa, naye alielewa.

Kuanzia hapo aliugeuza mhadhara wake miguu juu. Alianza na hewa. Kila aliyekaa mezani aliambiwa kwanza kwamba nyota haiwezi kumpiga picha ya mfupa hata akilala nje mwaka mzima, na akivunjika aje hospitali mbio. Nyota zenyewe zilikuja baadaye, kama muda ulibaki. Mhadhara ulipoteza utamu wote. Ni sawa na kusimulia hadithi kwa kuanza na aliyekufa. Nilijua kiasi gani kilimuuma, kwa kuwa wakati mwingine aliishia kwenye hewa, akamwita anayefuata. Foleni yangu ikawa inakwenda vizuri. Nilikuwa nimeiomba foleni hiyo kwa Mungu miaka mingi, na sikufurahi hata kidogo.

Kwa hiyo alipotaja jina la Mzee Ntutu mbele ya kamati, hakuna aliyemuuliza sababu. Tulituma ujumbe kwa Metito, ambaye siku hizi anauza ng'ombe mnadani na ana simu mbili. Metito alijibu kwamba atamfikishia baba. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mwinshehe alikuwa anakuja dirishani kwangu kila asubuhi kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kuna simu yoyote. Nilimwambia aache kunisumbua. Halafu nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, maana nilimtaka yule mzee aje kuliko nilivyowahi kutaka mgonjwa yeyote aje.

Alhamisi iliyopita alikuja. Alitembea koridoni na fimbo yake, taratibu, Metito nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza Pakiteng yuko wapi. Nikamjibu hatuna mtumishi mwenye jina hilo. Akanyanyua kidevu kuelekea mlango wa eksirei. Metito ndiye aliyenieleza: kwao, mtu akimpa mwenzake ng'ombe, wote wawili huacha kuitana majina, huitana Pakiteng, na huo unakuwa undugu. Ng'ombe mwenyewe, mtamba mwekundu, alikuwa amefungwa nje kwenye uzio wetu.

Mzee alisema machache. Mguu haukuwahi kumkasirisha, miguu huvunjika. Kilichomweka mbali ni kicheko, kwa sababu habari ile ilifika mnadani kabla ya mfupa kuunga, na aliamini hapa kwetu ndipo ilipoanzia, nako hakukosea. Kilichomrudisha ni kwamba Metito, baada ya kukaa nayo miaka yote kwa aibu, mwezi huu amemsimulia siku ile ilivyokuwa, kwamba koridoni alikuwapo mtu mmoja ambaye hakucheka.

Mwinshehe Kilongo, ambaye hajanyamaza tangu ile semina, alisimama mlangoni na hakuwa na neno. Mzee Ntutu akamwita kwa jina lile jipya. Naye akaitikia kwa kumwita hivyohivyo.

Basi, kwa niaba ya watumishi wote wa Mkwajuni, tunamshukuru kwa kila mfupa alioutazama na kila mwoga aliyemshawishi aingie mle ndani. Alfred, anayechukua nafasi yake, ni kijana mwepesi na mkimya, na mpaka sasa nimekwenda mara kadhaa kumuuliza kama hana la kusema. Mama Yassin, mkewe Mwinshehe, ambaye sasa atakuwa naye kutwa nzima huko Mvumi, tunampa pole mapema na kumwombea subira.

Nenda salama, kaka yangu. Ukapate afya, mvua ya kutosha na majirani wenye muda. Na kwa kuwa wewe, mtoto wa wakulima uliyelalamikia ng'ombe wa watu shambani kwako maisha yako yote, sasa una wa kwako, tafadhali uje umchukue leo kabla ya hafla kuanza, maana amekata kamba na ameshamaliza maua ya Matroni.